Siku Niliyokataa Kuwika

Wiki ya tatu ya Septemba, Vanesa, kiongozi wetu wa darasa, alisimama mbele ya ubao na kipande cha karatasi, akatusomea jinsi tutakavyobatizwa.

"Ijumaa, saa tano asubuhi, ukumbi wa michezo. Vaeni nguo ambazo mama zenu hawatazililia. Wenye miwani waivue. Mnapiga magoti, Papa anawamwagia, mnawika mara tatu, mnafutwa uso, basi. Mmekuwa watu."

"Na kabla ya hapo sisi ni nini?" Rok akauliza kutoka nyuma.

"Wewe hata baada ya hapo hatuna uhakika."

Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka. Nasema hili mapema ili mtu asidhani nilikuwa mtoto wa kununa. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, mwenye aibu kiasi kwamba nikiitwa ubaoni masikio yaliniwaka, na mwaka ule nilitaka kitu kimoja kuliko alama nzuri na kuliko simu mpya: nilitaka wenzangu wa 1B wanipende. Shule ya kijijini nilikuwa na rafiki mmoja tu. Huku mjini nilikuwa nimeanza kupata watu wa kukaa nao.

Kwetu kila anayeingia sekondari huitwa fazani, kwa jina la yule ndege wa mashamba ya mahindi mwenye mkia mrefu, ambaye ukimkaribia anaruka kwa kelele na kujionyesha kwa mwenye bunduki. Unabaki fazani mpaka wanafunzi wa mwaka wa nne wakubatize. Mmoja wao huvaa shuka jeupe na kofia ndefu ya karatasi, akaitwa Papa. Mkononi ana upawa wa supu, na mbele yake beseni lenye maji, unga, siki, na mafuta ya mbegu za maboga yaliyoungua kinuni, yale ambayo hata nguruwe hapewi. Ukishamwagiwa, unawika kama fazani mara tatu, "kok, kok, kok," na jina lako linaandikwa kwenye orodha inayobandikwa koridoni.

Na darasa hubatizwa lote au halibatizwi. Akikosekana mmoja, wote hubaki fazani: hawakai kwenye mabenchi ya dirishani karibu na hita, na kila mchana hubeba trei za mwaka wa nne bwaloni. Miaka miwili nyuma 1C walibeba trei mpaka Desemba kwa ajili ya mvulana mmoja aliyevunjika mguu. Alipotolewa plasta walimpeleka mbiombio ukumbini, akawika akiwa kwenye magongo.

Unga na siki havikunisumbua. Nyumbani tuna kuku na bata, nimeshamwagikiwa na mabaya zaidi. Kilichonisumbua ni maneno. Tinkara, rafiki yangu huyo wa mtaani, ambaye sasa tulikuwa naye 1B, alikuwa na kaka aliyemaliza shule hiyo, na tulipokuwa tukirudi kwa baiskeli siku ile alinisimulia.

"Papa anasema hivi: Nakubatiza, ewe fazani, kwa jina la Kengele, na la Mapumziko, na la Alama Takatifu. Halafu anakuuliza, unaamini? Ndipo unawika. Kuwika ndiko kuamini." Alicheka mpaka baiskeli ikayumba. "Kaka yangu aliwika hadi akapaliwa na unga."

Tulivuka reli kwanza.

"Tinkara, mimi sitawika."

"Utafanya nini, utalia kama bata?"

"Sitasema chochote. Sitapiga magoti."

Aliacha kukanyaga pedali. Alijua nasema kweli, maana mimi na yeye hatukuwahi kudanganyana hata kuhusu wavulana.

Lazima nieleze kitu kimoja. Kwetu karibu kila mtu alibatizwa akiwa mchanga, kwa Wakatoliki au kwa Walutheri, na wengi hawarudi tena kanisani ila Pasaka, na kikapu chao cha paja la nguruwe na mayai ya kubarikiwa. Sisi ni Wapentekoste, watu arobaini hivi tunaosali kwenye lililokuwa duka la nafaka, na kwetu mtu habatizwi mpaka aombe mwenyewe. Mimi niliomba. Mwezi Juni, kwenye mkono wa zamani wa mto Mura, pale maji yanaposimama, niliingia hadi kiunoni. Baba alikuwa ameomba ruhusa kazini, anakovuka mpaka kila asubuhi kupaka rangi nyumba za Waaustria, na masikio yake bado yalikuwa na rangi ya kijani. Mchungaji aliniuliza, "Unaamini?" Na mimi, ambaye mezani kwa watu siwezi kuomba chumvi, nilijibu kwa sauti iliyowafanya wavuvi wa ng'ambo wageuke. Sikuwahi kujibu kitu namna ile. Nilitoka majini nikiwa na matope kwenye vidole na nikijua kwamba kuna neno moja maishani mwangu ambalo hakuna aliyenisukuma kulisema.

Sasa nilitakiwa kuulizwa swali lilelile na kujibu kok, kok, kok.

"Ni mchezo, Judita," Tinkara akasema.

"Najua ni mchezo."

"Basi cheza."

"Michezo yote nitacheza. Huu ndio siwezi."

Akawaza kidogo. "Hata Petro alikana mara tatu na akasamehewa."

"Alilia baadaye."

"Basi utalia baadaye, mimi nitakuletea leso."

Tulicheka wote wawili. Lakini tulipofika kwao hakunikaribisha ndani.

Jumatano darasa lilikuwa limeshajua. Sikumlaumu Tinkara, mimi mwenyewe nilimwambia Vanesa, kwa sababu niliona si haki wajue ukumbini. Vanesa alinisikiliza akizungusha kalamu, kisha akaita mkutano wakati wa mapumziko, kama waziri.

"Mlokole wetu hataki kuwika," akatangaza.

"Hataki nini?" Rok akauliza.

"Kuwika. Dini yake inakataza kuku."

"Si dini inayokataza," nikasema. "Ni mimi."

Walijaribu kunisaidia kwanza, na lazima niseme walikuwa na akili. Mmoja alisema nifungue mdomo tu, yeye atasimama nyuma yangu awike kwa niaba yangu. Mwingine alisema nikunje vidole vya miguu ndani ya kiatu, kiapo cha vidole vilivyokunjwa hakihesabiwi. Rok alisema niseme "kok" kimoyomoyo niwe namaanisha "haleluya".

"Mungu wako hajui utani?" Vanesa akauliza. Hakuwa anacheka tena.

"Anajua. Ndiyo maana alimuumba Rok."

Wachache wakacheka, na kwa dakika moja nilifikiri yamekwisha. Vanesa akaketi juu ya dawati langu, karibu kabisa.

"Sikiliza, Mama Mchungaji. Wewe ukisali, hatukucheki. Ulipokataa bia kwenye sherehe ya Rok, tulikuletea juisi ya tufaha, si ndiyo? Sisi tumekubeba. Sasa tunakuomba sekunde tano. Watu ishirini na saba wabebe trei mpaka Juni kwa ajili ya sekunde zako tano?"

Nilisema tu, "Samahani." Akaniambia samahani hiyo nikaipake kwenye mkate.

Alhamisi jioni mama alinikuta jikoni nikimenya viazi ambavyo hakuna aliyeniagiza nimenye. Nilimweleza. Mama ni mtu wa amani. Katika kiwanda cha nguo alikofanya kazi miaka kumi na minane alipatanisha hata mashine.

"Kesho kaa nyumbani," akasema. "Nitaandika una homa."

"Mama, unataka kudanganya?"

"Si uongo mkubwa. Nikiangalia ulivyo, asubuhi utakuwa na homa kweli." Akachukua kisu, akaanza kumenya na yeye. "Watabatizwa bila wewe, Jumatatu utarudi, watasema ulikuwa mgonjwa. Nani ataumia?"

"Watasubiri nipone. Yule wa plasta walimsubiri miezi mitatu."

"Basi nimwite mchungaji azungumze na mkuu wa shule."

"Hapana, mama. Watasema nimeshtaki."

"Mwanangu, nakutafutia mlango."

"Naona," nikasema. "Kila mtu ananitafutia mlango. Vidole vya miguu, homa, mchungaji. Mimi sitaki kutoka. Nataka kwenda pale na kusema hapana."

Niliposikia maneno hayo yakitoka kinywani mwangu niliogopa zaidi kuliko yeye. Mama alinitazama kama mtu aliyekuta chumba asichokijua ndani ya nyumba yake. Kisha akasema nivae sweta lake la zamani la kijivu, lile jipya lisiharibike.

Ukumbi wa michezo ulinuka siki kuanzia mlangoni. Walimu walikaa benchi la nyuma wakipiga picha. Mwaka wa nne walikuwa wamejipamba: kulikuwa na daktari mwenye koti jeupe, mashetani wawili, mtawa mwenye ndevu. Papa mwaka ule alikuwa Sandi Gomboc, mpiga akodioni, kijana mrefu aliyependwa na shule nzima. Hata mimi nilimpenda kidogo, kwa mbali, kama mtu anavyopenda hali ya hewa nzuri.

1A walikwisha. Tukaja sisi. Vanesa alikwenda wa kwanza, akapiga magoti wima kama askari, akawika mara tatu, akainuka unga ukimdondoka puani, akapigiwa makofi. Mmoja baada ya mwingine. Rok aliwika mara sita, akaambiwa zile za ziada aziweke akiba. Kabla yangu alikuwa Tinkara. Aliwika kama fazani hasa, kwa kukaza shingo, na walimu wakashangilia. Alipopita kando yangu, mafuta ya kijani yakimtiririka shavuni, alininong'oneza neno moja: "Tafadhali."

Nilitembea hadi kwenye mkeka. Nikasimama.

"Magoti, fazani," Sandi akasema kwa sauti ya Papa, ya puani.

"Sitapiga."

"Goti linauma? Tuna daktari." Yule mwenye koti jeupe akainua kipimo cha moyo cha plastiki. Ukumbi ukacheka.

"Goti ni zima. Mimi nimeshabatizwa."

"Wote tumeshabatizwa, mtoto. Mimi nilimkojolea padri."

Kicheko kilikuwa kikubwa, na kwa kweli aliusema vizuri utani wake. Nilingoja kiishe.

"Mimi niliomba mwenyewe," nikasema. "Mwezi wa sita. Niliulizwa, nikajibu. Siwezi kujibu tena kwa mzaha. Nimwagie unachotaka. Nimwagie beseni zima, sitasogea. Lakini bila yale maneno, na sitawika."

Nilisema kwa sauti ndogo, lakini ukumbi ule una mwangwi, na kila mtu alisikia. Kisha kutoka kwa watu wangu, kutoka 1B, mtu akaanza: "Wika. Wika. Wika." Wakaitikia wote, wakipiga miguu sakafuni. Nilitambua sauti ya Tinkara katikati yao.

Sandi akainama, kofia ya karatasi ikanigusa paji la uso. Akaacha sauti ya Papa.

"We dada, usiniharibie shughuli. Kidogo tu. Hata kohoa, nitasema umewika."

"Sitakohoa."

Akajinyoosha. Aliinua upawa, akafungua kinywa kwa ajili ya maneno yake, akanitazama, akakifunga. Mpaka leo sijui kwa nini. Labda aliyasahau. Aliweka upawa chini, akashika beseni kwa mikono miwili, akanimwagia lote.

Lilikuwa baridi kuliko nilivyofikiri. Siki iliingia machoni, unga ukaingia masikioni, na mafuta yale yaliyoungua yalishuka ndani ya kola ya sweta la mama hadi mgongoni. Sikusogea. Miguu ikaacha kugonga sakafu. Wote wakangoja kuwika kwangu, Papa na mashetani na mtawa na walimu na simu zao, na mimi nikasimama nikichuruzika, midomo nimeifunga. Nilihesabu matone kutoka kwenye pua yangu. Nilipofika kumi na tisa Sandi akageukia ukumbi.

"1B bado ni fazani," akasema, bila sauti ya Papa.

Nilikuwa nimejiandaa kuumia mwenyewe. Nilifikiri watanizomea, watanitenga, wataandika vitu mlangoni mwa choo, na waliandika: Mtakatifu Judita wa Trei. Hilo ningelibeba. Sikuwa nimefikiria Jumatatu mchana bwaloni, kuwaona wenzangu wamejipanga kwenye meza za dirishani, na mwaka wa nne wakizisukuma trei chafu kwao kwa kidole kimoja, huku wakiendelea kuongea.

Nilikwenda kubeba. Vanesa akanizuia kwa kiwiko.

"Usiguse."

"Nataka kusaidia."

"Hutasaidia. Tumekubaliana darasani. Wewe utakaa pale, utakula, na utatuangalia."

Wakanipa meza katikati ya bwalo, peke yangu, na hakuna aliyeruhusiwa kuketi hapo. Nikala supu ya maharage nikiwaangalia. Tinkara alipita mara nne na trei tatutatu. Hakunitazama hata mara moja. Njiani kwenda nyumbani alikuwa mbele yangu kwa baiskeli, na nilipoongeza mwendo, naye aliongeza.

Mwalimu wetu wa darasa aliniita Jumanne, akaniuliza kama nataka azungumze na wakubwa. Nikasema hapana. Alionekana kushukuru.

Usiku nilisali. Sikuwa napata maneno mazuri. Nilisema, Bwana, mimi nimekataa kwa ajili yako na wanaobeba ni wao, sasa hii ni haki gani? Sikupata jibu. Nilichopata ni hasira, polepole, na kwa mara ya kwanza haikuwa juu yangu mwenyewe.

Alhamisi, nyuma ya banda la baiskeli, Sandi Gomboc alinikuta nikifungua kufuli. Bila shuka na kofia alionekana mdogo, chunusi kidevuni.

"Hebu tuongee," akasema. "Nimechoka na hii habari. Walimu wameanza kuuliza mpaka lini. Hapa hakuna mtu. Wika mara moja, kidogo, hata sitasikia. Nitaandika jina lako kwenye orodha, wenzako wataachiwa leo hii. Sitamwambia mtu umewika, na wewe sema unavyotaka."

Nilimtazama. Kwa kweli alikuwa mpole. Nadhani huo ndio ulikuwa mtihani wenyewe, si ule wa ukumbini, kwa sababu ukumbini nilikuwa na watu mia tatu wa kuwakatalia, na hapa alikuwa mtu mmoja mpole na kibanda kitupu na picha ya Tinkara kichwani mwangu na trei zake.

"Kama hutasikia," nikasema, "unataka niwike ya nini?"

"Ili nisidanganye nikiandika."

"Kwa hiyo wewe hutaki kudanganya."

Akakuna kidevu. "Usinizungushe. Fikiria wenzako. Umewafunga."

Hapo ile hasira ikasimama.

"Sijamfunga mtu," nikasema. "Mimi nimekataa kuwika, basi. Sijamwambia mtu yeyote abebe trei yako."

"Ni mila."

"Mila haina mikono, Sandi. Trei unaisukuma wewe. Nimekuona Jumatatu, kwa kidole hiki."

Alikitazama kidole chake kama vile mtu mwingine ndiye aliyekibandika pale. Sikungoja atafute neno. Nilipanda baiskeli, nikaenda nusu kilomita na kufuli mkononi bila kujua.

Ijumaa kulikuwa na dödöli, viazi vilivyopondwa na unga na kukaangiwa vitunguu, na siku za dödöli bwalo hujaa. Nilichukua sahani yangu. Meza yangu ya katikati ilikuwa tupu ikinisubiri. Nikaipita. Nilikwenda hadi dirishani, kwenye meza za mwaka wa nne, nikavuta kiti kilichokuwa mkabala na Sandi, nikaketi.

Yule aliyekuwa daktari ndiye aliyenena kwanza. "Umepotea, fazani?"

"Hapana."

"Fazani haketi hapa."

"Najua."

"Basi inuka."

"Nina njaa," nikasema, nikaanza kula.

Sijui viazi vile vilikuwa na ladha gani. Msichana mmoja wa mwaka wa nne alisukuma trei yake chafu mbele yangu. Kisha mwingine juu yake. Zikawa tano, zikawa saba, ukuta mdogo wenye harufu ya vitunguu kati yangu na Sandi. Nikala nyuma ya ukuta. Sandi hakusukuma yake. Alikuwa akichezea mkate.

"Beba," daktari akasema.

"Sibebi."

"Basi watabeba wenzako. Haya, 1B."

Walikuwa wameshajipanga, kama kila siku. Nikasimama. Nilikuwa sijawahi kusema neno kwa sauti katika bwalo lile, hata kuomba mkate.

"Waliwika," nikasema. Sauti ilikatika, nikaanza upya. "Wote ishirini na saba waliwika. Niliwasikia, na ninyi mliwasikia. Kwa sheria yenu wenyewe wao si fazani. Asiyewika ni mimi. Mkitaka kunifanya kitu, nipo hapa, na Jumatatu nitakaa hapahapa, na Jumanne. Lakini hizi trei si zao."

Hakuna aliyepiga makofi. Mtu fulani alisema, "Amina, Mchungaji," na wakacheka meza mbili. Masikio yangu yaliwaka kama taa. Niliketi.

"Sandi, mwambie basi," daktari akasema. "Wewe ndiye Papa."

Sandi akaendelea kuchezea mkate. "Mwambie wewe."

Nikasikia nyayo nyuma yangu, na trei tatu zikatua mezani, si kwangu, mbele ya daktari, kwa kishindo kilichomwaga supu iliyobaki. Alikuwa Tinkara.

"Hizi ni zenu," akamwambia. "Mimi niliwika. Kaka yangu aliwika. Mama yangu aliwika shule hiihii mwaka wa themanini na kitu. Ukoo mzima tumewika, sibebi tena."

Kisha akanigeukia, uso mwekundu.

"Sogea."

Nikasogea. Akavuta kiti, akaketi, akachukua uma wangu kwa sababu hakuwa na wake.

"Bado nimekukasirikia," akasema.

"Najua."

"Na sikubaliani na wewe hata kidogo. Kesho wakiniambia niwike, nitawika tena."

"Uliwika vizuri sana."

"Nyamaza."

Akala dödöli zangu, donge hapa, donge pale. Daktari alikuwa anazungumza bado, sasa kwa sauti ya juu, lakini alikuwa akizungumza na Sandi zaidi kuliko na sisi. Katikati ya bwalo, 1B karibu wote walikuwa wamesimama na mikono mitupu, wakisubiri kuona nani ataanza. Rok alikuwa ameshaketi kwenye meza yangu tupu na kuanza kumenya chungwa. Vanesa alikuwa na trei mbili mikononi. Alitutazama sisi, akatazama mlango wa jikoni, akatutazama tena, na hakwenda popote.

Sikumngoja aamue. Nilimnyang'anya Tinkara uma wangu, nikamaliza kula.